Ghala la Viazi na Cheo cha Mji: Habari za Elliston, Newfoundland



Tarehe 24 Juni 1997, Malkia Elizabeth wa Pili alisimama katika bandari ya Bonavista, kisiwani Newfoundland, mashariki kabisa mwa Kanada, akaipokea merikebu ya mbao iitwayo Matthew. Merikebu hiyo iliundwa kwa mfano wa ile aliyosafiria John Cabot mwaka 1497, na ilikuwa imevuka Atlantiki kutoka Bristol ili kuirudia safari ile baada ya miaka 500. Watu wa Bonavista hushikilia kwamba Cabot alifikia kwao. Wanahistoria hawajaafikiana ni wapi hasa alifikia, lakini siku ile hapakuwa na nafasi ya mabishano. Malkia alikuwa pale, wapiga picha walikuwa pale, na kisiwa kizima kilikuwa katika sherehe.

Kilomita chache kutoka bandari hiyo upo mji mdogo wa Elliston. Mwaka huohuo nao ukatoa tangazo lake. Elliston haikuwa na baharia wa kusherehekea wala malkia wa kumwalika. Ilikuwa na vyumba vya mawe vilivyofukiwa vilimani, vya kuwekea viazi, tanipu na karoti wakati wa baridi. Basi ikajitangaza kuwa mji mkuu wa dunia wa maghala ya mizizi. Hakuna aliyeutunuku mji ule cheo hicho, na mpaka leo hajatokea wa kuupinga.

Nimeombwa nizungumze juu ya urithi na utalii katika miji midogo ya pwani. Mngetarajia nianze na Lamu au Kilwa, na huenda wengine wenu mmekuja kwa ajili hiyo. Nimechagua kuwapeleka mbali, penye theluji na vilima vya barafu vinavyopita baharini, kwa sababu nina shauri la kulitetea: kati ya miji ile miwili jirani, ule wa viazi ndio uliochagua vyema zaidi.

Kwanza tuwajue watu wenyewe. Zamani Elliston iliitwa Bird Island Cove, yaani ghuba ya kisiwa cha ndege. Jina la sasa limetokana na mchungaji wa Kimethodisti, William Ellis, mmoja wa waliowahubiria wakazi wa mwanzo. Wakazi hao walikuwa wavuvi wa asili ya Kiingereza, na kilichowaleta kilikuwa kimoja tu: chewa wa Atlantiki, samaki wa maji baridi aliyekuwa tele kupita kiasi. Walimvua, wakampasua, wakampiga chumvi na kumwanika juu ya vichanja vya miti hadi akawa mkavu. Hapa kwetu tungemwita ng'onda bila kusita. Ng'onda huyo aliuzwa Ureno, Uhispania na visiwa vya Karibi, na juu yake ndipo uchumi wote wa Newfoundland uliposimama kwa karne kadhaa.

Lakini mvuvi mwenyewe fedha hakuziona. Kila mwanzo wa msimu mfanyabiashara wa bandari alimkopesha chumvi, nyavu, unga, chai na molasi. Msimu ukiisha, mvuvi alilipa kwa samaki. Bei ya unga aliipanga mfanyabiashara, na bei ya samaki aliipanga mfanyabiashara huyohuyo. Daftari lilikuwa lake, na kalamu ilikuwa yake. Familia nyingi zilizaliwa, zikaishi na kuzikwa bila kushika noti mkononi, na deni likapita kutoka kwa baba hadi kwa mwana.

Katika hali hiyo ndipo ghala la viazi lilipopata maana yake. Kila gunia la viazi lililotoka shambani kwa mama lilikuwa gunia la unga ambalo halikuandikwa katika daftari la mkopo. Ghala lilikuwa kitu pekee katika maisha ya mvuvi ambacho mfanyabiashara hakukigusa. Ndiyo maana mimi nashindwa kukiita chumba hicho stoo tu. Lilikuwa eneo la uhuru, ingawa dogo, na mlango wake ulikuwa mfupi kiasi cha kumlazimisha mtu mzima kuinama.

Baridi ya Newfoundland ni ndefu. Bahari ikishafunikwa na barafu inayoshuka kutoka kaskazini, meli haziingii na uvuvi haupo. Wenyeji waliuita Machi mwezi mrefu wa njaa, kwa kuwa ndipo vilivyowekwa vilipokaribia kwisha na vipya vilikuwa bado mbali. Aliyekuwa na viazi ghalani mwezi wa Machi aliula wali wa nazi wa kwao, tuseme hivyo. Asiyekuwa navyo alienda kubisha hodi kwa jirani, au kwa yule mwenye daftari.

Ghala lenyewe hujengwaje? Huchaguliwa mteremko wenye udongo wa kutosha usiotuamisha maji. Huchimbwa shimo kuingia ubavuni mwa kilima, kuta zikapangwa kwa mawe ya shamba, jiwe juu ya jiwe, mara nyingi bila chokaa wala saruji. Juu huwekwa magogo au mawe mapana, kisha hufunikwa kwa udongo na mabonge ya nyasi pamoja na mizizi yake. Baada ya miaka michache nyasi hushikana, na mpita njia haoni jengo bali kituta cha kijani chenye mlango. Maghala ya karne ya 20 yalianza kutumia zege, lakini umbo lilibaki lilelile. Yako pia ya aina nyingine, ambayo mtu huyaingia kutoka juu: kibanda kidogo cha mbao, ndani yake mfuniko sakafuni, na ngazi ya kushukia.

Uhodari wa kazi ile uko mlangoni. Ghala zuri lina milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine, na katikati yake ukumbi mwembamba wa kutosha mtu na kapu lake. Mwenye kuingia hufungua wa kwanza, huingia, huufunga nyuma yake, ndipo hufungua wa pili. Hewa ya nje, ambayo Januari yaweza kuwa nyuzi kumi na zaidi chini ya kuganda, haipati nafasi ya kuingia kwa mkupuo. Ndani, ardhi hufanya kazi iliyobaki. Udongo ulio chini ya kina cha barafu haubadiliki joto upesi. Wakati wa baridi huzuia mboga zisigande, na siku za kiangazi huzipoza. Joto linalotakiwa ni nyuzi chache tu juu ya sifuri, hewa iwe na unyevu mwingi, na giza liwe totoro.

Kila sharti katika hayo lina sababu yake. Kiazi kikipata mwanga hugeuka kijani na kujaza sumu. Kikipata joto huchipua, kikinyauka kwa ukavu hukunjamana, na kikiganda huwa maji machafu. Wanawake wa Newfoundland hawakusoma kemia ya wanga, lakini walijua kwamba kiazi kimoja kilichooza huambukiza kizimba kizima. Kwa hiyo walikuwa wakishuka ghalani mara kwa mara kuchambua, kwa taa ya mafuta, vidole vimekufa ganzi. Viazi vilikuwa na kizimba chake cha mbao, tanipu chake, karoti chake. Pembeni palikaa kabichi, mitungi ya jamu ya matunda ya porini, na pipa la nyama ya chumvi kwa aliyejaliwa. Na kizimba kimoja hakikuguswa hata njaa ikaze vipi, maana ndicho kilichoshika mbegu ya msimu ujao.

Nimetaja wanawake, na hapa lazima nisimame kidogo. Katika simulizi za pwani yoyote, mwanamume huwa baharini na simulizi humfuata huko. Huko Elliston na katika vijiji vya jirani, mwanamke ndiye aliyeanika samaki, akalima bustani, akazaa, na akajaza ghala. Udongo wa kisiwa kile ni mwembamba, wenye mawe na uchachu. Ulirutubishwa kwa mwani uliookotwa ufukweni na kwa kapelini, samaki wadogo kama dagaa ambao kila mwanzo wa kiangazi hujitupa pwani kwa maelfu kutaga mayai. Bahari ndiyo iliyolisha shamba. Watoto walibeba ndoo za kapelini mpaka matutani, na harufu yake, nadhani, hamhitaji kuelezwa.

Mwaka 1934 Newfoundland, iliyokuwa nchi yenye serikali yake, ilizama katika madeni ikapoteza utawala wake na kuongozwa na tume iliyowekwa na London. Bei ya samaki ilikuwa imeanguka, na asiye na kazi alipewa msaada wa senti 6 kwa siku. Senti 6! Kwa familia ya Elliston, tofauti kati ya kuishi na kufa katika miaka ile ilikuwa imelala chini ya nyasi, nyuma ya milango miwili.

Kisha mambo yakabadilika upesi. Tarehe 31 Machi 1949 Newfoundland ikawa jimbo la Kanada. Zikaja posho za watoto kwa fedha taslimu, zikaja barabara, umeme, maduka makubwa na friji. Serikali ikahamisha watu kutoka vijiji vya mbali na kuwakusanya kwenye miji yenye huduma. Kati ya 1954 na 1975 vijiji vipatavyo 300 vilihamwa na watu wapatao 30,000. Elliston ilinusurika. Friji nayo haikuliua ghala kama mtu angedhani, kwa sababu haina nafasi ya magunia ya viazi, na hewa yake ni kavu mno. Kilicholidhoofisha ghala ni duka. Mtu akishaweza kununua kiazi kilichooshwa wiki yoyote ya mwaka, hana haja ya kuinama.

Pigo kubwa lilitoka baharini. Tangu miaka ya 1950 meli kubwa za nyavu za kukokota, nyingi zikiwa za mataifa ya Ulaya, zilikuwa zikivua chewa usiku na mchana. Mwaka 1968 zaidi ya tani 800,000 za chewa wa kaskazini zilitolewa majini. Kanada ikajitangazia mpaka wa maili 200 mwaka 1977, meli za kigeni zikaondolewa, na zake zenyewe zikachukua nafasi. Tarehe 2 Julai 1992 waziri wa uvuvi, John Crosbie, yeye mwenyewe mzaliwa wa Newfoundland, alitangaza kufungwa kwa uvuvi wa chewa wa kaskazini. Takriban watu 30,000 walipoteza kazi kisiwani kwa tangazo hilo. Ilisemwa kwamba ingekuwa miaka miwili. Serikali ya Kanada ilikuja kuufungua tena uvuvi huo wa biashara mwaka 2024, kwa kiwango cha tani 18,000 kwa mwaka mzima. Linganisheni na 800,000, kisha tuendelee.

Sasa turudi 1997. Miaka mitano imepita bila chewa. Vijana wanaondoka kwenda Alberta kwenye mafuta, kwenda Ontario kwenye viwanda. Nyumba zinafungwa kwa mbao madirishani. Hapo ndipo wakazi wachache wa Elliston walipounda shirika lao la utalii na kuanza kujiuliza wana nini cha kumwonyesha mgeni. Bonavista ina sanamu ya Cabot na mnara wa taa wa 1843. Trinity, upande wa kusini, ina nyumba za matajiri wa karne ya 18 na ya 19. Elliston haina kasri wala ngome.

Walichofanya ni kuhesabu. Kazi hii huonekana duni, ndiyo maana nataka kuisifu. Walizunguka mjini wakitafuta kila kituta chenye mlango, wakauliza ni cha nani, nani alikijenga, lini, na kama bado kinatumika. Walipata zaidi ya 130 katika mji ambao leo una watu kama 300. Cha zamani kabisa kati ya vilivyo na tarehe ni cha mwaka 1839. Baadhi vilikuwa vimeporomoka, baadhi vimebaki mashimo. Lakini vingine vilikuwa na viazi ndani, siku hiyohiyo ya kuhesabu.

Kuna wataalamu wa urithi watakaowaambia kwamba thamani ya mahali hutoka kwa kamati ya wajuzi wa UNESCO. Siidharau kamati hiyo. Elliston ilianza upande wa pili: ilichukua kitu kilichokuwa kinamilikiwa na kila ukoo, kilichokuwa hakionekani kwa sababu ya wingi wake, ikakihesabu, halafu ikapaza sauti. Cheo cha mji mkuu wa dunia kina mzaha ndani yake, na wenyewe wanaujua mzaha huo. Lakini idadi haikuwa mzaha. Mtu anaweza kupinga majigambo. Ni vigumu zaidi kupinga orodha yenye jina la mwenye ghala, mahali lilipo na mwaka.

Tazameni pia tofauti ya kile kinachosimuliwa. Anayesimama mbele ya sanamu ya Cabot husikia habari ya mtu aliyefika, akatazama, akaondoka. Watu wa asili wa kisiwa kile, Wabeothuk, waliomalizika mwanzoni mwa karne ya 19 baada ya kusukumwa mbali na pwani zao na kuuawa kwa maradhi, njaa na bunduki, hawamo katika picha hiyo ila kwa kulazimisha. Anayeinama kuingia ghalani husikia habari ya mama aliyekaa. Sisemi kwamba ghala linasema kila kitu, kwani halitutajii Wabeothuk nalo. Ila halidai kuwa mwanzo wa historia.

Sitaki muondoke mkidhani kwamba wageni husafiri maelfu ya kilomita kwa ajili ya viazi. Wengi, kwa maoni yangu, huja kwa ajili ya ndege. Karibu kabisa na mji kuna jabali lililotengana na pwani kwa mkondo mwembamba wa bahari, na juu yake, tangu Mei hadi Septemba, hukaa pafini kwa mamia: ndege weusi kwa weupe, wafupi, wenye mdomo mpana wa rangi ya chungwa. Ni miongoni mwa mahali pazuri zaidi katika Amerika ya Kaskazini pa kuwaona bila kupanda mashua. Jambo lililonifurahisha nilipolijua ni kwamba pafini naye hutaga ardhini, katika shimo analolichimba kwenye udongo wenye nyasi. Watu na ndege wa Elliston walifikia uamuzi mmoja kuhusu hali ya hewa. Basi mgeni huja kumtazama pafini, akiwa njiani huona milango midogo vilimani, huuliza, na mwenyeji hupata nafasi ya kusema. Watoto husema ni nyumba za vibeti wa sinema. Mwenyeji mwenye busara hawakosoi. Huwafungulia mlango, hasa wa pili.

Mji haukukomea kwenye viazi. Mwaka 2014 kilifunguliwa pale kituo cha kumbukumbu ya wawindaji wa sili, kinachobeba jina la John Crosbie, waziri yuleyule aliyeufunga uvuvi. Ulikuwa mwaka wa 100 tangu maafa ya 1914. Mwishoni mwa Machi mwaka ule, wawindaji wa meli iitwayo Newfoundland waliachwa juu ya barafu ya bahari katika dhoruba kwa siku mbili usiku na mchana. Kila nahodha alidhani wako salama katika meli ya mwenzake, na meli yao haikuwa na redio kwa sababu wenye mali walikuwa wameiondoa. Walikufa 78. Katika dhoruba hiyohiyo meli ya Southern Cross ilipotea na wote waliokuwemo, na jumla ya waliokufa ikawa 251. Miongoni mwao walikuwamo baba na mwana wa Elliston, Reuben Crewe na Albert John. Baba alikuwa ameiacha kazi hiyo, akairudia ili awe na kijana wake. Walikutwa wameganda wakiwa wamekumbatiana, na hivyo ndivyo walivyochongwa katika sanamu ya shaba inayotazama bahari.

Mwezi ule ulikuwa Machi, mwezi mrefu wa njaa. Wanaume hawakwenda kwenye barafu kwa kupenda hatari, bali kwa sababu uwindaji wa sili ulikuwa mojawapo ya njia chache za kupata fedha taslimu mwishoni mwa baridi, ghala lilipokuwa linakaribia sakafu. Nadhani ni vigumu kuisoma sanamu ile bila kuwa umeingia ghalani kwanza. Elliston imeviweka vyote viwili umbali wa mwendo mfupi, na hiyo ni kazi ya uhariri mwema kuliko makumbusho mengi makubwa niliyoyapitia.

Kila Septemba, mavuno yanapoanza, hufanyika tamasha la chakula liitwalo Roots, Rants and Roars. Wapishi mashuhuri wa jimbo husambaa kando ya njia ya miguu ya pwani, na wageni hutembea kutoka kituo hadi kituo wakila: chewa, tanipu, matunda ya porini, nyama ya paa mkubwa wa kaskazini. Yapo pia mashindano ya kupika chewa peke yake. Ukweli ni kwamba tiketi za namna hii si za mvuvi mstaafu, na kuna kejeli katika kumwona mpishi wa mjini akipanga karoti tatu kwenye sahani mahali ambapo watu walizihesabu karoti kwa sababu nyingine. Hata hivyo nalitetea tamasha hilo, kwa jambo moja. Linahitaji mboga. Mboga huhitaji bustani, na bustani huhitaji pa kuhifadhia. Ghala linapata tena kazi.

Lipo jambo jingine ambalo hakuna afisa wa utalii angeweza kulibuni. Udongo wa Newfoundland una magonjwa ya viazi, kuvu inayoletea kiazi manundu na minyoo midogo ya mizizi. Kwa hiyo sheria ya Kanada hairuhusu kutoa kiazi wala udongo kisiwani kwenda bara, na magari yanayopanda kivuko hukaguliwa na kuoshwa. Mgeni anaweza kuondoka na picha, na jamu, na sanamu ya pafini. Kiazi cha Elliston hana budi kukila palepale.

Sasa kuhusu faida na mipaka yake. Msimu wa utalii kule ni mfupi, tangu Juni hadi Septemba. Ajira nyingi ni za msimu. Idadi ya watu haikurudi ilivyokuwa, na wenye umri mkubwa ni wengi. Nyumba katika rasi ya Bonavista hununuliwa na watu wa mbali wanaokuja wiki chache za kiangazi, kisha madirisha hubaki giza mpaka mwaka mwingine. Wenzangu mtokao Shela, kule Lamu, mnajua bila kuambiwa jambo hili huelekea wapi. Mwaka 2020 eneo hilo liliingizwa katika mtandao wa hifadhi za jiolojia za UNESCO kwa jina la Discovery, na wageni wakaongezewa sababu ya kuja. Lakini asitokee mtu akasema utalii ulijaza pengo la chewa. Haukulijaza. Uliupa mji sababu ya kutofungwa, basi.

Na kama mtaniruhusu kuchokoza kidogo: Mji Mkongwe wa Unguja uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, Lamu mwaka 2001. Mgeni akija, tunampeleka kwenye mlango uliochongwa. Ni milango mizuri, nami naipenda. Lakini nani kati yetu ameorodhesha visima vya mitaa yetu, kimoja kimoja, na jina la aliyekichimba? Nani amehesabu vichanja vya kuanikia ng'onda vilivyobaki, au vinu vya mafuta ya ufuta? Tunaonyesha alichomiliki tajiri wa mji, na tunasahau kile kilicholisha mji.

Septemba 2010 kimbunga Igor kilipiga Newfoundland mashariki. Mvua ilibomoa barabara na madaraja, na vijiji vingi vya rasi ya Bonavista vikakatwa kabisa kwa siku kadhaa. Kisiwa kile huagiza sehemu kubwa mno ya mboga zake kutoka nje, kwa meli na malori. Barabara ikikatika, rafu za duka huwa tupu upesi. Kuanzia miaka ile mazungumzo juu ya maghala yalibadilika. Wanaharakati wa chakula walianza kuwafundisha vijana wa mijini namna ya kujenga ghala, na watafiti wa mila wa jimbo, ambalo mwaka 2008 lilijiwekea mkakati wa kulinda urithi usioshikika, wakaenda kurekodi wazee wakieleza jinsi ya kupanga mawe na kuchagua mteremko. Hawakwenda kurekodi hadithi tu. Walitaka vipimo.

Hapo ndipo ninapoona ubora wa uchaguzi wa 1997. Nakala ya merikebu ya Cabot haiwezi kumsaidia mtu siku daraja linapobomoka. Ghala laweza, kama lina kitu ndani.

Na hili la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi. Ghala si la halmashauri. Kila moja lina mwenyewe, na hati yake, kama ipo, ni kumbukumbu ya ukoo. Hufa kwa njia moja mara nyingi: mlango wa nje huoza, baridi huingia ukumbini, mlango wa ndani hufuata, maji hupenya kwenye mawe na kuganda, mawe husukumana, dari huinama. Ghala linalotumika halifiki huko, kwa sababu anayeshuka kuchukua viazi vya chakula cha jioni huuona ubao uliolegea, na kesho yake huupigilia msumari. Linaloonyeshwa tu husubiri mradi, na mradi husubiri bajeti. Shirika la mji limekarabati baadhi na litakarabati mengine. Lakini warithi wa mengi wako Fort McMurray, Toronto, Halifax. Hurudi Julai kuona pafini na kuwasalimia wazee, hupiga picha mlangoni pa babu, na Agosti huondoka. Januari, mlango unapohitaji kutazamwa, hakuna mtu. Gharama ya mbao si kubwa. Anayekosekana ni mtu wa kula viazi hivyo akiwa Elliston, mwaka mzima, na hilo si jambo ambalo tiketi ya mgeni, hata iwe ghali vipi, imewahi kulilipia.